Kutoka na mtoto mdogo hapa Tanga: uliza mwezi kwanza, pochi baadaye

Dada uliyeuliza, nimekusoma vizuri. Umehamia Tanga kikazi, huu mwezi wa tatu, mtoto ana miaka mitatu na nusu, na kila Jumamosi mnaishia kwenye yale maputo makubwa ya kurukia. Mkitoka hapo na chipsi kuku na soda elfu arobaini imekwenda, na mtoto bado anarudi analia. Ukamalizia kwamba Tanga hakuna pa kwenda. Hilo la mwisho nakusamehe, u mgeni.

Mimi nina binti, juzi ametimiza minne. Mama yake ni muuguzi na zamu zake hupenda kuangukia mwisho wa wiki, kwa hiyo tangu mtoto akiwa na mwaka na nusu Jumamosi na Jumapili ni zangu mimi. Mshahara wangu si wa kutaja mbele za watu. Nilijiwekea elfu kumi kwa kila tunapotoka, na mara nyingi inabaki. Nitakuelezea tunavyofanya, na pale nilipochemsha nitasema pia.

Mwanzoni nilikuwa naamka tu Jumamosi, nabeba boya na taulo, huyo Raskazone. Siku moja tumefika saa nne asubuhi, mtoto keshavaa nguo za kuogelea tangu nyumbani, tukakuta bahari haipo. Yaani maji yamekwenda zake kule mbali, mbele yetu tope, mawe na ngalawa zimelala ubavu. Mtoto kasimama na boya lake kiunoni ananitazama kama mimi ndiye niliyeyamwaga. Pembeni alikuwapo bibi mmoja anauza mihogo ya kukaanga. Akaniuliza, "Mwanangu, leo mwezi ngapi?" Nikamjibu, mwezi wa sita. Akacheka mpaka akaweka kijiko chini. "Wa juu, baba, si wa ukutani!"

Hapo ndipo nilipopata somo ambalo wazee wa pwani wanalo bure. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji ni bamvua: yanajaa sana na yanakupwa sana. Siku hizo hapa kwetu maji yanakuwa yamekupwa kabisa kama saa nne, saa tano asubuhi, na yanajaa kama saa kumi jioni. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayaji juu sana, na saa zinageuka: asubuhi kwenye saa tatu, saa nne ndiyo yamejaa. Kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Sasa piga hesabu. Kutoka mwezi mpevu hadi nusu ni kama wiki moja. Maana yake Jumamosi moja asubuhi unapata pwani kavu ya kuchezea, Jumamosi inayofuata asubuhi unapata maji ya kuogelea. Bahari yenyewe imekupangia ratiba. Kama nyumbani kuna kalenda yenye tarehe za Kiislamu, umemaliza: mwezi mosi na mwezi kumi na tano ni bamvua, mwezi saba nane na ishirini na mbili ni maji mafu. Siku moja mbele au nyuma usinishike shati.

Ya bamvua ndiyo naipenda zaidi, ingawa nilidhani ndiyo mbaya. Tunakwenda Mwambani, kusini ya mji, tunafika kwenye saa mbili na nusu maji yakiwa bado yanatoka. Mtoto anavaa yeboyebo, usimwache pekupeku, kuna kombe kali na wale wadudu wa miiba myeusi kwenye mawe. Vifaa vyetu ni ndoo ndogo ya rangi iliyooshwa na kijiko kikubwa cha zamani. Basi. Mara ya kwanza nilikuwa na mpango wa kumtembeza mpaka kule wanakookotea chaza kina mama. Hatukufika. Hatua thelathini kutoka mchangani aliona tundu la kaa, kaa akachungulia, akamwona, akarudi ndani. Binti akachuchumaa. Akamwambia, "Toka, sikupigi." Kaa akatoka nusu, macho yake yamesimama kama njiti mbili za kiberiti. Akarudi tena. Wakabembelezana hivyo dakika arobaini nzima, mimi nimesimama na mfuko begani nikijiona mjinga. Nilipomwambia twende mbele tukaone viti vya pweza, wale wenye umbo la nyota, alinijibu bila kugeuka, "Nenda wewe."

Tangu siku ile nikaacha kupanga sehemu tatu kwa siku moja. Nilishawahi kujaribu: asubuhi bustani ya Jamhuri kutazama meli, mchana chakula mjini, jioni kuogelea. Saa nane mchana alijilaza katikati ya barabara, kweli, kifudifudi, na watu wakanitazama kama nimemwiba. Nikakodi bajaji kurudi nyumbani, elfu tano ikaondoka kwa ajili ya mtoto aliyekuwa na usingizi tu. Sasa ni sehemu moja, asubuhi, na saa tano na nusu tuko njiani, kabla jua halijawa la kuchoma na kabla ya usingizi wake. Kwa bamvua hilo lina faida ya pili, maana maji yakigeuka yanarudi kwa kasi kuliko mtoto anavyotembea. Ukiona vidimbwi vinaanza kuungana, geuka, hata kama kaa bado yumo kwenye mazungumzo.

Na kagua mifuko kabla ya kuondoka. Sisi tulirudi na kombe nzuri yenye mistari, kumbe ndani ana mwenyewe, wale kaa wanaohamia kwenye nyumba za wenzao. Usiku akatoka akatembea. Tulimkuta siku ya tatu chini ya kitanda, kwa harufu.

Wiki ya maji mafu ni Raskazone. Maji yako juu asubuhi, hayana mkondo mkali kama ya bamvua, mtoto anakaa yanapomfikia magotini na wewe umekaa pale pale pembeni yake, simu mfukoni. Ukiingilia sehemu yenye kiingilio unapata bomba la maji baridi la kumsuuzia na kivuli. Ukipita pembeni kwa wavuvi hulipi kitu, lakini njoo na dumu lako la maji. Hapo Raskazone ndipo Waingereza walipotua Novemba 1914 na askari kama 8,000, wengi wao kutoka India, wakapigwa na Wajerumani na askari wao Waafrika ambao jumla hawakuzidi sana elfu moja, na nyuki nao wakaingia vitani. Nilimsimulia binti yangu kwa madoido yote. Akaniuliza swali moja: "Nyuki walikuwa wa nani?" Mpaka leo sina jibu zuri.

Usafiri. Daladala ukimpakata mtoto wa umri huo hulipi nauli yake. Lakini huu ni mji wa baiskeli, ardhi tambarare, na kama ni mkaaji nunua moja ya mtumba. Mimi mwanzo nilimweka juu ya keria na khanga ya mama yake imekunjwa kama mto. Siku moja karibu na reli mguu ukaingia kwenye spoki. Bahati kiatu kilikatika kabla ya kidole, lakini mayowe yale siyasahau. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, akanitengenezea kikiti cha nondo chenye egemeo, pa kukanyagia miguu pande zote mbili, na kipande cha bati kinachofunika gurudumu. Elfu kumi na mbili, nikakipaka rangi ya bluu iliyobaki kwenye mlango. Sasa ile safari yenyewe ndiyo starehe nusu. Tunapita Ngamiani, ambako barabara zinaitwa kwa namba, naye anapiga kelele nyuma, "Ya nane! Ya tisa! Ya kumi!" Kuhesabu kajifunzia huko. Tatizo ni kwamba aliamini baada ya kumi na mbili unageuka kushoto, maana ndiko tunakogeuka kwenda kwa bibi yake.

Kwa asubuhi ambayo huna hata elfu tano, nenda Deep Sea, kwenye soko la samaki, wakati mitumbwi inaingia. Harufu ipo, kelele zipo, mtoto mbebe mgongoni maana chini kunateleza na watu wana haraka. Lakini hakuna onyesho la bure linaloshinda mnada wa samaki. Changu, kibua, taa mkubwa kama sinia, pweza anayejikunja. Dalali anataja bei kwa kasi na binti yangu anamwiga njia nzima. Ukinunua fungu la dagaa au vibua viwili, kitoweo cha mchana kimepatikana, kwa hiyo kwa hesabu zangu hiyo siku hujatumia kitu.

Kuhusu Amboni, najua utaambiwa na kila mtu. Mapango ni kama kilomita nane kutoka mjini, njia ya Horohoro, unashuka unachukua bodaboda kuingia Kiomoni. Ni mazuri mno, na kiingilio cha mzawa hakiumizi. Mimi nilikosea nikampeleka akiwa na miaka mitatu. Mimi ndiye niliyetaka kuona walikojificha Osale Otango na Paulo Hamisi, wale waliosakwa na serikali ya mkoloni miaka ya 1950, hadithi nilizolelewa nazo. Yeye alitaka kutoka. Kuna pa kuinama, kuna popo, kuna giza ambalo tochi inalitoboa tu. Nilimbeba amenikaba shingo, uso kaufukia begani mwangu, kiongozi anatuonyesha jiwe lenye umbo la mamba na mimi nasema "ehee, naliona" huku silioni. Tulichofurahia ni nje: nyani na mto. Subiri afike sita. Tongoni ni afadhali kwa mtoto mdogo, njia ya Pangani, makaburi ya kale yenye nguzo na gofu la msikiti, kote kweupe na kuna miti. Mwambie tu mapema kwamba haparukiwi, ni makaburi ya watu.

Makumbusho ya Urithi pale Boma la zamani, dakika kumi na tano, picha za kale zinamvutia mkubwa zaidi. Siku ya mvua za masika sisi huenda maktaba ya mkoa, ile ya Mfalme George VI, na vitabu vya picha. Mvua ikiwa ndogo tunavaa mabuti tunatembea kwenye madimbwi ya mtaani kwetu, na hiyo nayo ni safari.

Chakula ndicho kinachokula pesa, si mahali. Ukimnunulia mtoto wa miaka mitatu sahani ya chipsi anakula vipande vinne na wewe unamalizia ukiwa umeshiba. Mimi nabeba vitumbua vya asubuhi, ndizi mbivu na chupa ya maji ya ukwaju kutoka nyumbani. Huko tunanunua kitu kimoja anachokichagua yeye, kimoja tu, na nimemwambia kabla hatujatoka mlangoni: ama dafu, ama lambalamba, ama mihogo ya yule bibi. Akishachagua hakuna rufaa. Wiki tatu za kwanza alilia, ya nne akaanza kujadiliana na nafsi yake kwa sauti tangu tukiwa kwenye baiskeli.

Na hayo maputo sijasema uyaache kabisa. Watoto wanayapenda na wewe unakaa kivulini nusu saa na akili yako, hiyo nayo ina thamani. Sisi tunakwenda mara moja kila miezi miwili, siku mama mtu hana zamu, na tunakwenda tumeshakula.

Jumamosi hii mwezi nane, yakhe, maji yanajaa kama saa tatu na nusu. Sisi tutakuwa Raskazone kuanzia saa mbili, upande wa wavuvi, chini ya mkungu. Ukiona baiskeli yenye kikiti cha bluu mlete mtoto wako, boya letu linatosha wawili.