Maswali ya Wasomaji: Tamasha la ubunifu Bagamoyo, liwe la siku ngapi?

Safari hii tumepokea barua nne kutoka Bagamoyo, na zote zinahusu jambo moja: kikundi cha vijana wa mjini humo kinakusudia kuandaa tamasha la siku kadhaa la ubunifu na usanifu katika Mji Mkongwe. Nimeona nizijibu pamoja, kwa sababu jibu la barua moja linagusa swali la nyingine.

Ndugu mwandishi, sisi ni vijana kumi na wawili. Wengine ni maseremala, wengine wachoraji, na wawili wamesomea usanifu wa majengo. Tunataka kuandaa tamasha la ubunifu la siku nne. Wazee wa mtaa wanatuuliza kwa nini tulete tamasha jingine wakati TaSUBa, taasisi ya sanaa ya hapa mjini, wanalo la kwao, na wengine wanasema yatakuwa maonyesho ya biashara kama Sabasaba. Tuwajibu nini? Na je, siku nne zinatosha?
*Vijana wa Dunda, Bagamoyo*

Wazee wenu wameuliza swali la haki, na si vyema mkalipita juu juu. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na tangu miaka ile ya mwanzo ya 1980 mji umezoea kupokea wageni wa tamasha lake. Hata chuo kilipogeuzwa kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa) mwaka 2007, tamasha liliendelea. Huko watu huenda hasa kutazama ngoma, maigizo, sarakasi na muziki. Sabasaba nako mtu hukuta bidhaa imekwisha kutengenezwa na imepangwa mezani pamoja na bei yake. Tamasha la ubunifu na usanifu lina kazi yake nyingine kabisa, nayo ni kuonyesha jinsi kitu kilivyofikiriwa hadi kikawa hivyo kilivyo.

Chukueni mfano wa mbuzi ya kukunia nazi, ambayo sidhani kama kuna nyumba ya zamani Bagamoyo isiyoijua. Ni mbao mbili zilizopishana katikati mfano wa mkasi, moja ikiwa imebeba ulimi wa chuma wenye meno. Ukiifungua inakuwa kiti cha chini. Ukiikalia, uzito wako mwenyewe ndio unaoizuia isisogee wakati mikono inazungusha kizio cha nazi. Ukimaliza unaikunja na kuiegesha ukutani, nayo haili nafasi ya jiko. Aliyeibuni, ambaye hatutamjua kamwe, alifikiria mgongo wa mkunaji, wembamba wa jiko na mahali bakuli litakapokaa kupokea nazi inayodondoka, kisha akayajibu yote matatu kwa mbao mbili na kipande cha chuma. Huo ndio usanifu, na wazee wakiuona hivyo hawatawauliza tena tofauti yake na ngoma. Mimi ningetamani meza ya kwanza ya tamasha lenu iwe na mbuzi tatu au nne za mafundi tofauti, za zamani na za sasa, na kila mgeni aruhusiwe kuzikalia.

Kuhusu siku nne, nawaomba msianze na idadi. Anzeni na kazi, kisha kazi zenyewe ziwaambie siku. Faida kubwa ya tamasha la siku nyingi ni kwamba kitu kinaweza kuonekana kikikua: anayepita Alhamisi akakuta ukindu unachemshwa kwenye sufuria ya rangi anapata sababu ya kurudi Jumapili kuona kili, yaani mikanda ya ukindu iliyosukwa, zinashonwa zikawa mkeka. Kama kila fundi ataleta vitu vilivyokamilika na kukaa nyuma ya meza, siku moja inatosha na tatu zinazobaki ni za kuchosha watu. Basi muulizeni kila fundi ni sehemu gani ya kazi yake inaweza kuanza na kuisha ndani ya siku mlizonazo. Mashua haiundwi kwa siku nne, lakini mashua iliyofikia hatua ya kukalafatiwa inaweza kuletwa ufukweni, na watu wakaona pamba ikisukumizwa kwenye nyufa za mbao. Ubao mmoja wa mlango unaweza kuchongwa. Kitanda cha kamba kinaweza kusukwa. Kutokana na hesabu hiyo mnaweza kujikuta na siku tatu, au sita. Ijumaa, acheni saa sita hadi saa nane mchana bila shughuli yoyote.

Kuhusu mahali, kuna la kujifunza kwa waliotangulia. Tamasha la usanifu la London, ambalo John Sorrell na Ben Evans walilianzisha mwaka 2003, huchukua siku tisa kila Septemba na husambaa katika mitaa, maduka na makumbusho ya jiji. Milan, maonyesho ya samani yaliyoanza mwaka 1961 yana kumbi zake, lakini wiki hiyo hiyo karakana na nyua za mji mzima hufungua milango, na wengi husafiri kwa ajili ya hizo. Hapa barani kwetu, Cape Town ilipopewa hadhi ya mji mkuu wa usanifu wa dunia mwaka 2014, ikiwa ya kwanza Afrika, shughuli zake zilifanyika mwaka mzima sehemu nyingi za mji. Kwa hiyo msikodi mahema na kuyasimika uwanjani. Baraza za Mtaa wa India ni meza za maonyesho zilizokwisha kujengwa, zina kivuli kwa saa nyingi za mchana, na milango ya kuchonga iliyo nyuma yake ni maonyesho tosha. Mgeni akitembea kutoka baraza hadi baraza ataona kazi ya leo ikiwa imekaa mlangoni pa kazi ya jana.

Majengo hayo, hata hivyo, yana masharti. Mengi yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, hivyo ruhusa iombwe mapema na kwa maandishi, na wenye nyumba waombwe kwa adabu hata pale sheria isipowataja. Kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa; msumari mmoja unaweza kung'oa lipu ya upana wa kiganja, na anayeiziba kwa saruji anaongeza kidonda, kwa kuwa saruji huzuia ukuta kutoa unyevu wake. Tundikeni vitu kwa kamba kutoka kwenye boriti, au simamisheni fremu za mbao zinazojitegemea. Masika ya Machi hadi Mei yaepukeni, na muangalie Ramadhani inaangukia wapi, kwa kuwa kila mwaka hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja. Tarehe zenyewe zipangeni baada ya kukaa na TaSUBa, ili matamasha mawili ya mji mmoja yasinyang'anyane wageni.

Ndugu mwandishi, asalaam aleikum. Nina miaka 58 na nasuka mikeka ya ukindu tangu usichana wangu. Vijana wameniomba nikae siku zote nne nikisuka mbele ya watu. Mchuuzi huninunulia mkeka kwa shilingi 30,000. Ukindu na rangi hunigharimu kama 9,000, na kazi yenyewe ni siku nane. Nikikaa kule kutwa, nani atanilipa? Niuze kwa bei gani? Tena naona haya, maana kazi hii sisi huifanya uani.
*Mama wa Magomeni, Bagamoyo*

Wa aleikumu salaam, na shikamoo mama. Tuanze na hesabu, kwa sababu nadhani hakuna aliyewahi kukufanyia. Katika shilingi 30,000 ukitoa 9,000 zinabaki 21,000. Ukizigawa kwa siku nane, unafanya kazi kwa shilingi 2,625 kwa siku, na ndani yake hamna macho yako wala mgongo wako. Amua mwenyewe siku yako ina thamani gani. Tuseme ni shilingi 8,000. Siku nane ni 64,000, ukiongeza vifaa unafika 73,000, na hiyo ndiyo bei ya kuandika kwenye kikaratasi, pamoja na maelezo mafupi kwamba mkeka huu umechukua siku nane na ukindu umetoka mahali fulani. Mnunuzi aliyekaa nusu saa akitazama vidole vyako hataiona bei hiyo kuwa ya ajabu. Mchuuzi wako usigombane naye; yeye hununua mingi na hununua hata wakati wa mvua, kwa hiyo mnaweza kupatana bei nyingine, lakini sasa utapatana ukijua unachokipoteza.

La pili nawaambia vijana wa Dunda waziwazi, kwa kuwa najua watasoma: mlipeni mama huyu kila siku anayokaa, na mkeka ubaki kuwa mali yake. Kumtoza fundi ada ya meza, kama ifanywavyo katika maonyesho mengi, ni kumfanya alipie nafasi ya kuonyesha kitu ambacho ndicho kilichowaleta wageni. Fedha tafuteni kwa wafanyabiashara wa mji, kwa wenye hoteli, na kwa wageni wanaojiweza. Tamasha likikosa uwezo wa kuwalipa mafundi ishirini, basi liwe na mafundi wanane.

Kuhusu haya, mama, usikae peke yako. Njoo na shoga zako wawili, mkae kama mnavyokaa uani, mazungumzo yenu yaendelee, na kijana mmoja awe karibu kujibu wageni ili msikatishwe kila dakika. Kwa kuwa mkeka wako ni wa siku nane na tamasha ni la nne, anza nyumbani, uje na nusu ya kili zimekwisha kusukwa. Niliwahi kukaa asubuhi nzima karibu na msusi kama wewe. Alikuwa na kitambaa chenye maji pajani, akipitisha chane juu yake ili zilainike zisikatike, na kila chane ilipokaribia kuisha aliichomeka mpya chini yake bila kusimamisha mkono. Niliinama hadi pua ikakaribia kugusa ukili, na sikuweza kuona zilipoungana. Hicho ndicho watu watakachokuja kukitazama, nacho hakionekani katika mkeka uliokunjwa dukani.

Mwandishi, mimi ni fundi wa milango ya kuchonga. Miaka michache iliyopita nilipeleka mlango kwenye maonyesho katika mji mwingine. Mtu akaupiga picha kila upande, na baada ya miezi nikaona mlango uleule, nakshi kwa nakshi, unauzwa na karakana nyingine. Tangu hapo sipeleki kitu popote. Vijana wananibembeleza. Nifanye nini?
*Fundi, Kaole*

Pole sana, fundi. Ulichofanyiwa ni dhuluma, na sitakwambia usahau. Ila sheria haikukuacha mikono mitupu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inalinda pia kazi za mikono zinazotumika, na haki yako huanza pale kazi inapotengenezwa, hata kabla hujaisajili. Tabu huwa katika kuthibitisha nani alitangulia, na ndiyo maana nakushauri usajili michoro yako COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Kabla ya kuutoa mlango karakanani, upige picha ukiwa katika hatua tatu au nne tofauti, uhifadhi mchoro wa karatasi wenye tarehe, na uchonge alama yako mahali pasipoondoleka, kwa mfano upande wa ndani wa mfaa, ule mti wa katikati ya mlango. Alama hiyo ukitaka iwe ya biashara, BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, ndio wanaoisajili.

Lazima pia nikwambie mpaka wa ulinzi huo. Sheria hulinda kazi, haimpi mtu umiliki wa mtindo. Samaki, mnyororo na yungiyungi ni nakshi za pwani nzima, tulizirithi sote. Kilicho chako ni namna ulivyozipanga katika miimo na kizingiti cha mlango wako. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akafundisha ndugu na wanafunzi wachache, akafariki mwaka 1972, na leo mtindo unaoitwa kwa jina lake unachorwa na watu wengi ambao hawakumwona. Mtindo huwa hauzuiliki ukishatoka. Picha fulani, au mlango fulani, ukinakiliwa mzimamzima, hapo una kesi.

Kwa hiyo nenda, lakini usipeleke mlango mzima. Peleka ubao mmoja, patasi zako, juba na nyundo ya mti, uchonge mbele ya watu. Michoro ya wateja wako iache nyumbani. Waandaaji waweke kibao kwenye kila baraza kinachosema kama kupiga picha kunaruhusiwa, na uamuzi uwe wa fundi. Anayenakili anahitaji kitu kizima cha kupima kwa futi. Mkono unaochonga hautamsaidia kitu, ila utamsaidia sana kijana anayetafuta pa kujifunzia, na nahisi hata wewe unamtafuta kijana huyo.

Ndugu mwandishi, nafundisha darasa la tano. Tamasha hilo likifanyika, nilete wanafunzi siku ipi, na waje na nini?
*Mwalimu, Nianjema*

Mwalimu, walete siku ya pili, saa mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijawa kali na kabla umati haujajaa. Siku ya kwanza mafundi huwa bado wanatafuta pa kukaa, na siku ya mwisho wanauza. Wagawe makundi ya watoto sita sita, kila kundi likae kwenye baraza moja kwa nusu saa nzima badala ya kuzunguka zote kwa haraka. Waje na penseli na daftari lisilo na mistari, kila mtoto achore kitu kimoja alichokiona kikitengenezwa: mkono wa msusi ulioshika chane, au ulimi wa mbuzi, au kona ya mlango. Omba ruhusa ya fundi wa Kaole kabla hawajachora ubao wake.