Kabla Hamjaliita Tuta Ngome

Wadogo zangu wa akiolojia,

Alhamisi iliyopita niliwaacha kilimani saa tatu asubuhi, na niliporudi saa saba mchana niliwakuta palepale chini ya mwembe, mmekizunguka kishikwambi na mnashangilia. Droni ilikuwa imeruka mara tano, betri zote zilikuwa zimekwisha, na juu ya picha mlikuwa mmechora duara jekundu kuzunguka kichaka cha kileleni, kisha pembeni mkaandika neno moja: ngome. Nikauliza ni nani kati yenu aliyeingia ndani ya kichaka chenyewe, nanyi mkatazamana kama wanafunzi waliosahau madaftari nyumbani. Sikugomba siku ile, kwa sababu mtu aliyewahi kufanya upuuzi mkubwa kuliko huo hugomba kwa sauti ya chini. Naandika sasa nikiwa nimetulia, maana kila msimu kundi jipya huja na makosa yaleyale, na baadhi ya makosa hayo mwasisi wake ni mimi.

Sitawaeleza gunda bur, yale mahame ya kale yaliyozungukwa na tuta na handaki, ni nini, kwa kuwa hilo mlijibu vizuri kwenye mtihani. Nitazungumza juu ya yale ambayo mtihani hauulizi.

1. Tembeeni. Droni huona vichwa vya miti, na tuta lililolala chini ya msitu haliwezi kuonekana kwa kamera hata mkilipiga picha elfu moja. Ipo mitambo ya leza inayopigwa kutoka angani, ambayo miale yake hupenya mianya ya majani na kuchora sura ya ardhi yenyewe, lakini gharama ya kuirusha siku moja ingemaliza bajeti yetu kabla hatujanunua maharagwe. Chombo tulicho nacho ni mguu. Mtu anapopanda kilima chenye handaki lililojaa majani, goti ndilo hugundua kwanza: alikuwa akipanda, mara anateremka hatua tatu bila sababu, kisha anapanda tena kwa ghafla kuliko mwanzo. Hapo ndipo pa kusimama na kufungua daftari, wala si pa kulaani vichaka vya lantana.

Msitu huo nao msiuchukulie kuwa kizuizi tu. Mahali ambapo ng'ombe walilala kwa vizazi kadhaa hubaki na udongo mnono, na watu wakishahama, vichaka hupaota kwa kasi kuliko mashamba ya jirani, hasa pale ambapo wenyeji huogopa kukata miti penye makaburi ya wazee wao. Ndiyo maana mara nyingi kichaka cha mviringo katikati ya mahindi huwa ni barua ya mwaliko. Thimlich Ohinga kule Migori, Kenya, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018, ina kuta za mawe yaliyopangwa bila kuunganishwa kwa chochote, zenye kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5 na unene wa kati ya mita 1 na 3, na inakadiriwa kuwa ilijengwa karne ya 16. Hata hivyo neno la kwanza la jina lake kwa Kijaluo halitaji ukuta, bali msitu mnene wa kutisha. Waliopaita hivyo walijua kitakachowapokea wageni kwanza.

2. Tazameni udongo ulitupwa upande gani, halafu mshuku mlichokiona. Mmefundishwa kwamba boma la kujihami huwa na handaki nje na tuta ndani, ili adui asimame shimoni huku mwenyeji amesimama juu yake. Ni kweli. Lakini mkulima anayechimba mtaro wa fanya juu kuzuia mmomonyoko naye huurusha udongo upande wa juu wa mteremko, kama jina lenyewe linavyosema, na mtaro huo ukiachwa miaka 50 juu ya kilima kidogo hupinda nacho hadi ukakaribia kufunga duara. Nusu ya "ngome mpya" ninazoletewa kila mwaka zilijengwa na afisa wa kilimo. Hata pale ambapo hakuna mwenye shaka juu ya ukale, kazi ya handaki haijulikani kwa kulitazama tu: Bigo bya Mugenyi kule Uganda, kando ya mto Katonga, ina mahandaki ambayo jumla ya urefu wake inazidi kilomita 10, mengine yakiwa yamechongwa hadi ndani ya mwamba, yamechimbuliwa na wanaakiolojia Shinnie mwaka 1957 na Posnansky mwaka 1960, na bado wataalamu wanabishana kama yalikuwa ya vita, ya mifugo au ya kuonyesha ukubwa wa aliyeyaamuru. Kwa hiyo katika fomu andikeni "tuta na handaki". Neno "ngome" ni hitimisho.

3. Namna ya kuuliza. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu jambo hili sikulisoma popote.

Nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili, nina buti mpya na ruzuku ndogo, na nilikuwa nimeshaamua kwamba nitagundua kitu. Kilima chenyewe sikitaji, kwa kuwa bado kuna watu huko wanaonicheka. Kileleni palikuwa na msitu wa miti ya kupandwa iliyochanganyika na ya asili, na siku ya pili goti langu liligundua handaki: nje shimo, ndani tuta, duara karibu kamili, mita kama 200 kutoka upande hadi upande. Nilikaa chini nikatetemeka. Sikuweza hata kushika kalamu.

Jioni nilikwenda kwa mzee aliyekuwa na boma lake chini ya kilima, mtu wa heshima sana, naye akanipa kigoda na uji. Baada ya salamu nikamuuliza, kwa Kiswahili changu cha chuo: "Mzee, lile handaki la juu, ni la zamani?" Akafikiri kidogo, akajibu: "La zamani sana, mwanangu." Nikauliza tena kama watu wa zamani walilichimba kujikinga. Akasema: "Naam, lilikuwa la kukinga." Nikayaandika maneno hayo, nikaweka tarehe, nikayapigia mstari mara mbili.

Nikaajiri vijana wanne, tukakata mtaro wa kupima upana wa mita moja kuvuka tuta na handaki, kazi ya siku sita. Kila kitu kilijaribu kunionya. Kingo za handaki zilikuwa kali, upana wake ulikuwa uleule kila nilipopima, kana kwamba kila mtu alipewa kipimo. Duara lote halikuwa na mlango hata mmoja, nami nikaandika kwamba mlango "utakuwa umezibwa". Kigae cha chungu hatukupata. Siku ya nne, karibu kabisa na sakafu ya handaki, tulitoa kipande cha chupa ya kijani, nami niliyekuwa nimefundishwa kuheshimu matabaka ya udongo nikakitazama, nikakifuta vumbi, nikaandika kwa mkono wangu: "Kimeingia baadaye kupitia shimo la panya." Shimo la panya lenyewe sikulichora, kwa sababu halikuwapo.

Tena palikuwa na jiwe. Kwenye kona moja ya tuta (ndiyo, duara langu lilikuwa na kona, nalo nililielezea kwa namna yake) palikuwa na jiwe fupi lenye uso bapa, limeota kuvu na ukoga, nalo lilikuwa limekaa vizuri sana kwa mtu mwenye njaa. Siku zote sita nilikalia jiwe hilo nikila viazi vitamu.

Nikarudi chuoni, nikawasilisha. Nilikuwa na ramani, mchoro wa matabaka uliotiwa rangi, na sentensi iliyoanza na maneno "kwa mara ya kwanza". Watu wakapiga makofi. Mwalimu wangu hakupiga. Aliuliza tu kama angeweza kuja nami msimu uliofuata.

Alikuja. Alipanda kilima polepole, akatembea duara lote mikono ikiwa nyuma, akafika kwenye kona, akakaa juu ya jiwe langu kupumzika. Kisha akainuka, akachomoa mwiko mfukoni, akakwangua ukoga. Chini yake palikuwa na zege. Akakwangua zaidi, na katikati ya zege pakatokea kichwa cha nondo yenye kutu. Hakusema kitu. Alisogea pembeni, akalipangusa jiwe lile la mpaka kwa kiganja, akaniambia: "Haya, kaa tena."

Tukateremka kwa mzee. Mwalimu alimsalimia, akauliza habari za mvua, za ng'ombe, za wajukuu, na uji ulipokwisha akauliza: "Mzee, ule mfereji wa juu nani aliuchimba?" Mzee akang'aa. "Sisi! Wakati wa mkoloni, walipopanda miti ile. Kila mwenye nguvu alipimiwa hatua zake, ng'ombe wasiingie kula miche. Mimi sehemu yangu ni ile inayotazama mto." Nikamwuliza, nikiwa karibu kulia, kwa nini hakuniambia. Akanitazama kwa huruma ya kweli, akasema kwamba niliuliza kama ni wa zamani, na yeye alikuwa kijana asiye na mke wakati huo, je, hiyo si zamani? Kisha akaongeza jambo ambalo hadi leo hunishtua usiku: alinidhani mtu wa idara ya misitu niliyetumwa kukagua kama mfereji bado una kina kilekile, na kwa kuwa aliniona nina tabia nzuri, usiku wa siku ile niliyomtembelea alikuwa amemtuma mwanawe akaufyeke na kuuzolea udongo upande wake, nisije nikampa hatia. Zile kingo kali nilizozipima hadi sentimita zilikuwa kazi ya jembe la juma lilelile.

Basi msiulize kama ni la zamani. Ulizeni nani alichimba, nani alikatazwa kupita, ng'ombe walilala wapi, na hapa paliitwaje kabla ya shule kujengwa, kisha nyamazeni kwa muda mrefu kuliko mnavyostahimili. Wala msidhani kumbukumbu za watu ni za kusahihishwa tu. Juu ya Webuye, katika kilima cha Chetambe, wenyeji watawaonyesha handaki na kuwaambia lilihusika katika vita vya mwaka 1895 dhidi ya Waingereza, na hapo simulizi na karatasi za wakoloni zinakwenda pamoja. Na kama mnapenda kejeli za historia, mwaka huohuo wa 1895 ndio ambao Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya 2006 inautumia kutenganisha kitu cha kale kinachohamishika na kisicho cha kale.

4. Mkaa. Kipande cha mkaa kikipimwa maabara kinatoa umri wa mti uliokizaa, hakitoi umri wa handaki. Kilicho ndani ya handaki kiliingia baada ya kuchimbwa, na kilicho chini ya tuta kilikuwapo kabla halijamwagwa, hivyo chukueni sampuli pande zote mbili ili tarehe ibanwe katikati kama muwa kwenye kinu. Mizizi iliyoungua hufanana sana na mkaa wa jikoni; wachoma makaa wa miaka ya karibuni wamewaaibisha wengi. Mimi nililipia sampuli mbili kutoka kwenye ule mfereji wa miche kabla mwalimu hajafika, na majibu yalikuja na neno "kisasa", nami nikashuku maabara.

5. Kibali cha utafiti cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), kibali cha kuchimba, na barua ya chifu: nakala tatu za kila kimoja, ndani ya mfuko usiopitisha maji.

6. Siafu hupita handakini jioni, kwa hiyo suruali iingie ndani ya soksi.

7. Rudisheni udongo. Mtaro wa kupima ulioachwa wazi juu ya kilima hugeuka korongo kwa msimu mmoja wa mvua za masika, na mtu atakayekuja baada ya miaka 100 ataupima na kuuandikia makala. Wekeni plastiki au chupa yenye mwaka chini kabisa kabla ya kufukia, ili asihitaji shimo la panya.

Kuhusu duara lenu jekundu: nimempigia chifu simu, naye ameniambia yupo bibi mmoja upande wa mashariki wa kilima aliyeolewa hapo akiwa msichana, na masikio yake bado ni mazima. Tutakwenda kwake Jumatatu saa mbili kabla ya kupanda. Droni itabaki kwenye gari. Njooni na kilo mbili za sukari, majani ya chai, na mapanga yaliyonolewa, na yeyote atakayetamka neno "zamani" kabla bibi hajalitamka yeye ndiye atakayebeba karai na chekecheke hadi kileleni.