Jibu: Jumla ya Excel inakuja pungufu kuliko fedha iliyopo

Habari mkuu. Nimekuelewa hivi: ukijumlisha droo na M-Pesa unapata fedha nyingi kuliko jumla ya mauzo kwenye Excel, na wanaoingiza mauzo kwenye Excel ni wawili.

Kabla hujamshuku mtu, angalia safu ya kiasi. Namba zinazokaa upande wa kulia kwa kawaida ni namba kweli. Iliyoegemea kushoto mara nyingi Excel inaiona ni maneno, na SUM (fomula ya kujumlisha) inairuka kimya kimya. Dukani kwangu (vifaa vya ujenzi) tulihangaika siku tatu na kijana wa kaunta, kumbe aliandika "45,000/=". Ile /= tu! Nilimwomba radhi.

Kujua ziko ngapi haraka, kama kiasi kipo safu D: andika =COUNT(D2:D300), inayohesabu namba tu, pembeni =COUNTA(D2:D300), inayohesabu kila seli yenye kitu. Zikitofautiana, tofauti ndiyo idadi ya mistari mibovu.

Halafu bonyeza seli ya jumla uone SUM inaishia wapi. Ikiishia D200 na mauzo yamefika mstari wa 214, umeshapata jibu.

Ukishasafisha, chagua safu hiyo, nenda Data, kisha Data Validation, ruhusu Whole number (namba kamili). Akiandika herufi inamkatalia. Ila akikopi na kubandika, inapita tu, kwa hiyo wapige marufuku kubandika.

Na hayo mafaili ya "mauzo mpya FINAL 2" mnayotumiana WhatsApp, acheni. Faili libaki moja, kompyuta moja. Hatua hizi kwenye simu sijajaribu.