Mtwara hadi Nairobi na watoto wawili: basi, ndege, au vyote viwili?

SWALI: Habari za kazi, kaka. Mimi niko Mikindani. Katikati ya Aprili mdogo wangu anaolewa Nairobi, nasi tunakwenda wanne: mimi, mume wangu, binti wa miaka tisa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Wakala ametutajia ndege Mtwara–Nairobi kwenda na kurudi Sh 1,250,000 kwa mtu mzima. Kipande cha Dar–Nairobi peke yake Sh 780,000. Hatuna pasipoti hata mmoja. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, akifunga ofisi siku moja anapoteza kama Sh 30,000. Tumeweka akiba ya Sh 3,500,000 kwa safari nzima. Je, tupande ndege au basi? Wifi ananiambia tupande basi hadi Dar, halafu ndege, eti ndiyo busara.

JIBU: Habari njema, dada, na hongera kwa harusi. Nimefurahi kwamba umeuliza sasa wakati Aprili bado iko mbali, kwa sababu sehemu kubwa ya pesa ya safari ya nje huokolewa kabla ya kukata tiketi.

Niseme mapema: pendekezo la wifi ndilo ninalolisikia kila mara hapa Mtwara, na kwa mwezi wa Aprili ndilo ninalolikataa. Nitakuonyesha hesabu uone mwenyewe. Ila tuanze na karatasi, maana zinakula pesa kabla hamjatoka nyumbani.

Kenya haiwadai Watanzania viza, kwa kuwa sote ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini kitambulisho cha taifa cha NIDA peke yake hakiwavushi. Pasipoti ni Sh 150,000 kwa kila mtu, na mtoto anayepakatwa ni mtu pia. Kwa wanne ni Sh 600,000, karibu sawa na nauli ya basi ya familia nzima kati ya Dar na Nairobi, kwenda na kurudi. Ipo njia nyepesi: hati ya dharura ya kusafiria, inayotolewa na Uhamiaji kwa ada ndogo sana ukilinganisha na pasipoti. Pasipoti ya mtu mzima hudumu miaka 10, kwa hiyo kama wewe na mume wako mnatarajia kumtembelea mdogo wako tena, kateni pasipoti. Kwa watoto, ulizeni hati ya dharura mkifika ofisi ya Uhamiaji. Hapa nitabaki na Sh 600,000 kama kiwango cha juu. Mkilipa pungufu, hiyo ni faida yenu. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto viwe mkononi kabla ya kujaza fomu, kwani hapo ndipo familia nyingi hukwama wiki nzima.

Kisha chanjo ya homa ya manjano. Kenya ni nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, na cheti huulizwa mnaporudi. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, hivyo anayechanjwa siku tatu kabla ya safari amechelewa. Jambo zuri ni kwamba tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hamtalipa tena.

Sasa ndege tupu. Kwa kawaida mashirika hutoza mtoto wa miaka 2 hadi 11 kama asilimia 75 ya nauli ya mtu mzima, na mchanga wa chini ya miaka miwili asiye na kiti kama asilimia 10. Watu wazima wawili ni Sh 2,500,000, binti Sh 937,500, mdogo Sh 125,000. Jumla Sh 3,562,500. Mmeshavuka akiba yenu na bado hamjakata pasipoti, hamjalala popote, hamjanunua hata kitenge cha zawadi. Kwa hiyo ndege mwanzo hadi mwisho haiwezekani, na msikope kwa ajili yake. Mume wako akienda kwa basi atafunga ofisi siku mbili zaidi kuliko kama angepanda ndege, yaani Sh 60,000. Watu husema muda ni pesa, nami nakubali, lakini pesa hiyo ihesabiwe. Kwenu nyinyi haifikii hata robo ya pengo la nauli.

Tuje kwenye basi tupu. Viwango vya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, vilivyoanza kutumika Desemba 2023 ni Sh 48.47 kwa kilomita kwa daraja la kawaida na Sh 67.84 kwa daraja la kati. Mtwara hadi Dar ni kama kilomita 560, kwa hiyo daraja la kati linakaribia Sh 38,000. Nawashauri mkate viti vinne. Kumpakata mtoto wa mwaka na nusu kutoka hapa hadi Mbagala ni kazi ya mchana kutwa, na kesho yake mna safari ndefu zaidi. Viti vinne, kwenda na kurudi: Sh 304,000.

Dar hadi Nairobi kwa njia ya Arusha na Namanga ni kama kilomita 900. Nauli za mabasi ya nje zinapangwa na kampuni zenyewe, kwa hiyo mimi hutumia kipimo cha LATRA kama sakafu, nikapata Sh 61,000, kisha naongeza theluthi moja. Weka Sh 80,000 kwa kiti. Wanne, kwenda na kurudi: Sh 640,000. Ongeza gesti Dar usiku mmoja kila upande, tuseme Sh 100,000 kwa jumla. Chakula cha njiani Sh 40,000 kwa siku nne za barabarani, Sh 160,000. Na bajaji na teksi za mijini Sh 120,000. Hicho kipande cha mwisho msikidharau. Mabasi mengi ya kusini hushusha Mbagala au Temeke, na mabasi ya kaskazini huondokea Stendi ya Magufuli kule Mbezi. Mkiwa na mabegi manne na mtoto amelala begani, mtaipita Dar nzima. Tafuteni gesti upande wa Mbezi mlale karibu na basi la alfajiri.

Hadi hapo ni Sh 1,324,000. Na pasipoti, Sh 1,924,000.

Pendekezo la wifi sasa: basi hadi Dar, ndege hadi Nairobi. Ndege ya Dar–Nairobi kwa familia yenu, kwa asilimia zile zile, ni Sh 1,560,000 za wakubwa, Sh 585,000 za binti na Sh 78,000 za mdogo: Sh 2,223,000. Weka basi la Mtwara–Dar Sh 304,000, gesti Sh 100,000, chakula cha siku mbili Sh 80,000, usafiri wa mijini Sh 120,000, pasipoti Sh 600,000. Jumla Sh 3,427,000. Mnabaki na Sh 73,000.

Kwenye karatasi imetosha. Lakini tazama mlichokifanya: tiketi ya bei kubwa, ambayo kwa nauli ya chini kwa kawaida hairudishiwi pesa, mmeitundika mwishoni mwa barabara ya Mtwara–Dar, mwezi wa masika, bila fungu la dharura. Sisi watu wa kusini hatuhitaji kukumbushwa Somanga. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara kule Kilwa, mabasi na malori yalikwama kwa siku kadhaa pande zote mbili. Aprili 2025 maji yakakata tena pale pale. Wazee wanaokumbuka kusubiri pantoni ya Ndundu kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 wanajua kwamba barabara hii imekuwa bora mno. Hata hivyo masika bado yana neno la mwisho. Mkikwama Nangurukuru siku moja, ndege ya Dar haitawasubiri, na Sh 73,000 haitanunua tiketi nne nyingine.

Na hapa kuna jambo la kiufundi ambalo mawakala hawalisemi kwa sauti. Mtu akikata Mtwara–Dar–Nairobi kwa tiketi moja, namba moja ya uhifadhi, ndege ya kwanza ikichelewa ni juu ya shirika kumtafutia nafasi nyingine. Akikata vipande viwili tofauti, au akaunganisha basi na ndege, kuchelewa ni kwake mwenyewe. Hakuna wa kumlalamikia.

Ninachowashauri ni kugeuza mpango wa wifi juu chini. Kipande kinachokatika kirukeni kwa ndege, kile kisichokatika kiendeni kwa basi. Tena fanyeni hivyo wakati wa kwenda tu, kwa sababu harusi ina tarehe. Kurudi hakuna bibi harusi anayewasubiri. Barabara ikikatika, mtakaa Dar siku moja au mbili, mvua ipite.

Nauli ya Mtwara–Dar, kwa bei mlizopewa, ni tofauti ya 1,250,000 na 780,000, yaani Sh 470,000 kwenda na kurudi. Kwa ndege za ndani tiketi ya kwenda tu mara nyingi ni kama nusu. Kwa familia yenu inakuja karibu Sh 670,000. Kisha basi la Dar–Nairobi kwenda na kurudi Sh 640,000, basi la kurudi Dar–Mtwara Sh 152,000, gesti Sh 100,000, chakula cha siku tatu za barabarani Sh 120,000, usafiri wa mijini Sh 120,000. Hiyo ni Sh 1,802,000. Pasipoti Sh 600,000. Na safari hii naweka fungu la dharura la siku mbili, gesti na chakula, Sh 180,000. Jumla Sh 2,582,000.

Mnabaki na Sh 918,000 za kukaa Nairobi, chanjo na zawadi. Kama mngependa zawadi iwe nzito zaidi, safari ya basi tupu pamoja na fungu lile lile la dharura ni Sh 2,104,000, lakini ondokeni Mtwara siku tatu mapema. Mimi kwa mtoto wa umri huo na kwa mwezi huo ningelipa hiyo tofauti. Saa moja angani badala ya kutwa nzima barabarani kutawafikisha Dar mkiwa na nguvu za kulala mapema na kuamka alfajiri.

Kuhusu Namanga, msiogope. Tangu Desemba 2018 kituo cha mpakani ni kimoja cha pamoja, mnagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia katika jengo moja. Mnashuka na mabegi yenu, yanakaguliwa, mnapanda tena. Shilingi za Kenya nunueni kwenye benki au duka rasmi, si kwa vijana wanaokimbilia madirisha ya basi. Korosho za zawadi chukueni, bibi harusi wa Mtwara asikose korosho, lakini zifungeni kwenye mifuko ya kitambaa au ndoo yenye mfuniko. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea Agosti 2017, hata kabla yetu, na adhabu yake ni kubwa.

Njia ya mpaka wa Horohoro nimeiacha kwa makusudi. Ni nzuri: Tanga, Lunga Lunga, Mombasa, halafu treni ya SGR hadi Nairobi, ambayo daraja la kawaida ni shilingi 1,500 za Kenya, kama Sh 30,000 zetu kwa makisio ya ishirini kwa moja. Lakini inawaongezea usiku mwingine njiani na gesti nyingine. Kama mna ndugu wa kuwalaza Mombasa, nijulishe, hesabu itabadilika.

Jambo la mwisho ni umri wa mdogo. Angalieni tarehe yake ya kuzaliwa dhidi ya tarehe ya safari. Shirika huhesabu umri wa siku ya kuruka, na tiketi ya asilimia 10 ni ya aliye chini ya miaka miwili siku hiyo. Kwa mwaka na nusu mko salama, ila jina kwenye tiketi liandikwe herufi kwa herufi kama litakavyokuwa kwenye pasipoti. Ndiyo maana wiki hii nendeni Uhamiaji na vyeti, wiki ijayo chanjo, na tiketi ya ndege mkate siku pasipoti zitakapokuwa mkononi, sio kabla.