Mwani ukipauka, usikimbilie kuung'oa

Kaskazi moja niliteremka shambani Jambiani nikakuta kamba nne za spinosum, aina ya mwani tunaoulima, zimekuwa rangi ya chai ya maziwa. Nikazing'oa zote siku ileile. Shoga yangu, kamba zake zikiwa jirani na zangu na zimepauka vilevile, alizihamishia mkondoni tu, akavuna. Iliniuma, ndipo nikaanza kupima rangi kabla ya kuamua.

Dukani wanapouza rangi za ukuta huwa wana kadi za sampuli. Niliomba ya kahawia, nikazipa rangi zake namba, 1 iliyokoza mpaka 6 iliyopauka. Kila bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, nachuma tawi, nalisuuza kwa maji ya bahari, naliweka kwenye sahani nyeupe chini ya kivuli cha kanga, nalilinganisha, naandika daftarini. Lazima liwe bichi na lipimwe kivulini, maana jua la saa sita hulionyesha limepauka kuliko lilivyo.

Kisha lipinde. Likikatika "tak!", lina njaa tu. Mwani mwekundu huweka akiba ya naitrojeni ndani ya rangi yake yenyewe. Maji yakikosa rutuba, huila akiba hiyo. Ndivyo ilivyokuwa Bahari ya Ariake, Japani, msimu wa baridi wa 2000 na 2001: vijimea vidogo vya majini vilimaliza naitrojeni, nori, mwani wanaoula Wajapani, ikapauka mashamba kwa mashamba. Lakini ukiona kipande cheupe pe, laini kama tambi iliyochemka, huo ni ugonjwa. Kata chini yake, penye nyama ngumu, na kilichokatwa kipeleke pwani, usikiache majini.

Mwani wenye njaa mimi nauhamishia maji yanapokimbia, pasipokauka maji yakitoka, naupunguzia msongamano na kuukung'uta tope. Kamba zangu za mwisho zilitoka 5 zikarudi 3 kati ya bamvua na bamvua. Mbolea baharini usimwage, utalisha majani mengine yaje kuufunika mwani wako.

Uliokwisha kukauka ni habari nyingine. Ukinyeshewa juu ya chanja, rangi huondoka na maji na hairudi. Nawasihi sana wenzangu, msiutie rangi ya dukani, watu wanaula huu. Uuzeni kama ulivyo kwa wanaotengeneza juisi na jemu, wao huuosha mpaka uwe mweupe hata hivyo. Na turubai likae karibu na chanja tangu asubuhi.