Baba mdogo ametoka jela: je, anaweza kurudishiwa bunduki?

SWALI: Shikamoo wakili. Baba yangu mdogo anaishi Uvinza, mkoani Kigoma, na alikuwa na bunduki ya leseni. Waligombana na jirani juu ya mpaka wa shamba, akamkata kwa panga. Akafungwa miaka 5, bunduki ikachukuliwa polisi. Sasa ametoka kwa msamaha wa Rais, na nyani wanamaliza mahindi. Nasikia Marekani waliofungwa wanarudishiwa haki ya silaha. Yeye je? Au nichukue leseni kwa jina langu, atumie yeye? Nina miaka 23.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linalonitisha. Usifanye hivyo. Kwanza, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka mwombaji awe ametimiza miaka 25. Pili, leseni hupewa mtu, si ukoo. Baba mdogo akikutwa shambani na bunduki yenye jina lako, anaweza kushtakiwa kwa kumiliki silaha kinyume cha sheria. Hilo ni kosa la uhujumu uchumi, na tangu marekebisho ya 2016 adhabu yake ni kati ya miaka 20 na 30. Na wewe uliyempa hutabaki salama.

Sasa Marekani. Kule silaha ni haki ya kikatiba tangu 1791. Sheria ya 1968 inawanyima bunduki waliotiwa hatiani kwa makosa ambayo adhabu yake inaweza kuzidi mwaka mmoja, wawe wameua au wamedanganya kwenye fomu. Njia ya kuomba kurudishiwa ilikuwepo kwenye vitabu, lakini tangu 1992 Bunge lao lilizuia fedha za kushughulikia maombi ya mtu mmoja mmoja. Kwa miaka mingi mlango ulikuwepo, bawabu hakuwepo. Bwana mmoja wa Pennsylvania, Bryan Range, alikiri mwaka 1995 kwamba alitoa maelezo ya uongo ili familia ipate msaada wa chakula. Alikwenda mahakamani, na mahakama ya rufaa ikampa ushindi 2023, na tena 2024. Hakuwa amemgusa mtu.

Kwetu hakuna haki ya kurudishiwa, kwa sababu bunduki haikuwa haki tangu mwanzo. Ni leseni. Baba mdogo itabidi aombe upya, na polisi watapima kama anafaa kukabidhiwa silaha.

Hapo ndipo wengi wanapochanganya mambo. Mtu akishinda rufaa, hatia yenyewe imefutwa, na huyo ana haki ya kusema hajawahi kupatikana na hatia. Aliyemaliza kifungo ametumikia adhabu, lakini hatia inabaki. Na msamaha wa Rais? Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais uwezo mpana, ila misamaha ya sikukuu kama ile ya 9 Desemba kwa kawaida hupunguza au kuondoa adhabu iliyobaki. Haisemi kwamba panga halikukata. Kwa hiyo asije akajaza fomu kwamba hana rekodi kwa kuwa "Rais amenisamehe". Uongo huo unaweza kumfungulia kesi mpya.

Kuna pia msamaha wa kusalimisha silaha haramu, kama uliotangazwa Septemba na Oktoba 2022. Ule unamkinga anayeipeleka silaha polisi asishtakiwe. Haumpi mtu leseni.

Ukiniuliza mimi, huyu baba nisingemrudishia leo. Nimewahi kukaa hapa Tabora na familia ya mtu aliyekatwa kwa sababu ya mpaka. Mkono haukupona, na jirani bado ni jirani. Baba mdogo anarudi kuishi kando ya shamba lile lile, na mtu yule yule. Lakini aliyefungwa kwa kughushi risiti za tumbaku akiwa kijana, leo ana mjukuu, sioni kwa nini afungiwe mlango maisha. Kinachopaswa kupimwa ni alichomfanyia mwenzake na miaka aliyoishi kwa amani baadaye. Na akikataliwa, aandikiwe sababu kwenye karatasi. Mtu kuambiwa "nenda tu" kaunta ni jambo linaloniumiza sana.

Akiamua kuomba baadaye, aanze kwa serikali ya kijiji, kisha polisi wilaya, akiwa na nakala ya hukumu na hati ya kuachiwa. Kuhusu nyani, nenda kwa mtendaji wa kijiji wiki hii, mwombe amwite ofisa wanyamapori wa wilaya. Na muulize baba mdogo kama ule mpaka ulishapimwa.