Ukimpeleka mtoto kuona vyuo, nenda Ijumaa, na unyamaze

Jumapili iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa dada mmoja anayeishi Minnesota. Ni Mtanzania, mume wake ni Myahudi kama wangu, na kijana wao yuko darasa la kumi na moja. Aliuliza waanzie wapi kumtafutia mtoto chuo atakachosoma vizuri na bado abaki Myahudi, na kama kweli kuna haja ya kutumia pesa kusafiri kwenda kuviona hivyo vyuo kwa macho. Nilianza kumjibu kwa simu, nikaona jibu linanizidi. Basi nimeliandika hapa, maana najua tuko wengi tunaoongea Kiswahili jikoni na kuwasha mishumaa ya Sabato mezani, na sote tunataka watoto wetu wafike mbali kuliko tulikofika sisi.

Dada, haja ipo. Lakini ngoja nikueleze yaliyonikuta, kwa sababu mimi nilikosea sana.

Nilizaliwa Eldoret. Wakati wetu hakuna mzazi aliyekwenda kukagua chuo kikuu. Ulijaza fomu ya JAB, bodi iliyokuwa ikigawa nafasi za vyuo vikuu vya umma Kenya, mbele ya mwalimu, ukafanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ukarudi nyumbani kusubiri. Ukipewa kozi, umepewa. Mimi JAB ilinipita kwa pointi moja, na kwa miaka mingi sikumwambia mtu ilivyoniuma. Nikasomea uuguzi, nikaja Marekani mwaka 2001, nikapata kazi Lowell, Massachusetts, mji wenye Wakenya wengi kiasi kwamba unga wa ugali haukusumbui kuupata. Hapo ndipo nilipokutana na mume wangu. Baba yake aliposikia natoka Eldoret alishika kichwa kwa furaha. Alijua habari ambayo mimi mwenyewe sikuwahi kufundishwa shuleni: mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilitaka kuwapa Wayahudi uwanda wa Uasin Gishu wahamie huko, na mkutano wao mkuu ukakataa mwaka 1905. Akaniambia, "Tungekubali, ungekuwa jirani yetu." Nilisoma na rabi miaka miwili, nikazama katika maji ya mikve, birika letu la utakaso, nikatoka Myahudi. Kifungua mimba wetu alizaliwa 2007.

Binti huyo alipofika darasa la kumi na moja, ile pointi moja ya JAB ilirudi ikavuta kiti ikakaa nasi mezani. Nilinunua daftari, nikaandika majina ya vyuo 19. Kila chuo nilikipa ukurasa wake: karo, idadi ya wanafunzi Wayahudi, kama kuna Hillel, jumuiya ya wanafunzi Wayahudi, kama kuna nyumba ya Chabad, ambako rabi na familia yake huwakaribisha wanafunzi, kama chakula cha kosha, yaani kinachofuata sheria za dini yetu, kinapikwa hapo hapo au kinaletwa kwenye vifurushi vya kugandishwa. Nilikuwa nikitoka shifti ya usiku, badala ya kulala nakaa na daftari. Binti yangu hakuandika humo hata mstari mmoja, na mimi sikuliona hilo kuwa jambo.

Baba mkwe naye alikuwa na mzigo wake. Alilelewa kwa hadithi ya Harvard. Mwaka 1922 rais wa chuo hicho, A. Lawrence Lowell, alipoona Wayahudi wamepita mmoja katika kila wanafunzi watano, alipendekeza wasizidi asilimia 15. Walimu walilikataa pendekezo lenyewe, lakini fomu ya maombi ilikuwa imeshaanza kuuliza dini, rangi, jina la mama kabla ya kuolewa, na kama baba aliwahi kubadili jina lake. Baadaye zikaongezwa picha na kipimo cha tabia. Wala si Harvard peke yake: Stanford iliomba radhi rasmi mwaka 2022 kwa kuwabania Wayahudi nafasi miaka ya 1950. Kwa hiyo mzee akishika fomu ya chuo huishika kama mtu anayesoma hati ya mashtaka. Insha ya mjukuu wake aliisoma mara tatu, kidole kikitembea chini ya kila mstari, akitafuta neno linaloweza kumfungia mtoto mlango.

Halafu ikaja Oktoba 2023, na vita ya Israeli na Hamas, na hofu. Kundi letu la WhatsApp la wazazi wa sinagogi lilikuwa halilali. Aprili 2024 ADL, shirika la Kiyahudi la Marekani la kupinga ubaguzi, likatoa alama kwa vyuo 85, kuanzia A hadi F, kuonyesha jinsi kila kimoja kinavyokabili chuki dhidi ya Wayahudi. Vilivyopata A vilikuwa viwili tu, Brandeis na Elon. Nilizichapa alama zile nikazibandika kwenye friji. Kesho yake asubuhi nilikuta karatasi imebanduliwa na kukunjwa vizuri, imewekwa juu ya daftari langu. Binti yangu hakunitolea neno lolote. Nami nikaibandika tena.

Tulianza na Brandeis kwa sababu ni nusu saa kutoka kwetu kama hakuna foleni. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1948, kwa fedha za Wayahudi, wakati milango ya wengine ilikuwa bado nusu wazi, na kikapewa jina la Louis Brandeis, Myahudi wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Hakiulizi mtu dini. Kuna nyumba tatu za ibada kando ya bwawa, ya Wayahudi, ya Wakatoliki na ya Waprotestanti, zimejengwa kwa namna ambayo kivuli cha moja hakiangukii nyingine. Siku za sikukuu zetu kuu hakuna masomo kabisa. Mume wangu alisimama kando ya lile bwawa machozi yakimlenga. Mimi nilimuuliza kijana aliyekuwa akitutembeza maswali kumi na moja, nayajua kwa sababu niliyaandika. Binti yangu alitembea nyuma yetu hatua kumi, mikono mfukoni. Kwenye gari alisema ni pazuri. Alisema hivyo tu.

Vyuo vinne vilivyofuata nitavipita. Vyote tulivitembelea katikati ya juma asubuhi, tukaonyeshwa maktaba, tukaonyeshwa chumba cha bweni kilichotandikwa kwa ajili ya wageni, tukapewa chupa ya maji.

Cha sita sikitaji jina. Tulikwenda Ijumaa, siku tatu kabla ya Pasaka yetu, na tulijiandikisha mapema kwa chakula cha jioni cha Sabato pamoja na wanafunzi Wayahudi, maana kwa ajili ya usalama kulikuwa na orodha ya majina mlangoni. Mume wangu alibaki nyuma kidogo akizungumza na mlinzi. Nikatangulia na binti yangu. Alikuwa amevaa gauni lake la bluu, nywele amesuka mistari siku hiyo hiyo, na shingoni ana kidani cha Nyota ya Daudi alichopewa na babu yake. Kijana aliyeshika orodha alituangalia, akatabasamu, akatuambia kwa upole kabisa kwamba wafanyakazi wa jikoni huingilia mlango wa nyuma.

Nimeandika sentensi hiyo na mikono inatetemeka, na ni karibu miaka miwili sasa.

Kijana aligundua kosa lake mara moja, akawa mwekundu, akaomba msamaha. Ningeweza kuupokea tukaingia. Sikuupokea. Nilisimama pale mlangoni nikamweleza binti yangu ni nani: kwamba alisoma Torati mbele ya sinagogi nzima alipofika miaka 13, kwamba anajua Kiebrania kuliko baba yake, kwamba babu yake ni fulani na alama zake ni hizi. Watu wakaanza kusimama nyuma yetu. Tulipoingia nikaendelea mezani, kwa kila aliyeketi karibu. Nilimweleza msichana wa kulia, nikamweleza wa kushoto, nikamweleza rabi. Binti yangu hakula. Alichukua kitambaa cha karatasi akakikunja, akakikunja tena, mpaka kikawa kidogo kama punje ya hindi.

Tulirudi hotelini kwa miguu. Njiani akaniambia kwa Kiswahili, na yeye Kiswahili hukitumia akitaka nimsikie: "Mama, yule amenikosea mara moja. Wewe umenieleza usiku kucha, kama mtu ambaye hawezi kuaminiwa mpaka aelezwe."

Niliandika barua kwa chuo kile. Jibu lilikuja baada ya wiki tano, mistari mitatu. Sitasema kwamba nimesamehe. Lakini kilichonikosesha usingizi zaidi ya mlango ule ni maneno ya mtoto, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Mimi ndiye niliyekuwa nikiomba kazi, nikiomba nafasi, nikiomba ile pointi moja. Yeye alikuwa amekuja tu kuangalia kama angependa kuishi pale.

Sasa dada, ushauri wangu. Nenda Ijumaa. Ziara ya Jumanne asubuhi hukuonyesha majengo, na majengo utayaona hata kwenye intaneti. Ijumaa jioni huonyesha kama kuna watu. Chuo kinaweza kutangaza kwamba kina Wayahudi elfu nne na mezani ukakuta ishirini, na kingine kidogo kikawa na hamsini wanaokuja wote na wanaimba. Piga simu Hillel au Chabad wiki mbili kabla, waambie mnakuja, waombe wampangie mwanao mwenyeji ambaye ni mwanafunzi. Mara nyingi hawakatai.

Pili, ukishafika, nyamaza. Najua unalipa wewe. Najua umetoka mbali, umesimama usiku kucha wodini ili mtoto huyu apate ulichokosa. Nyamaza hivyo hivyo. Mzazi anayeuliza maswali kumi na moja amemnyang'anya mwanawe nafasi ya kuuliza moja. Tunawalea watoto hawa wasimame mbele ya Torati wakiwa na miaka 12 au 13 wahesabiwe kuwa watu wazima, halafu wakifika 17 tunawasemea kama wachanga! Tuache, jamani. Tunawaumiza.

Kuna mambo ya karatasi ambayo mzazi anafaa kuyashika. Kama mtoto hafanyi mtihani Jumamosi, SAT, mtihani wa kuombea vyuo, hufanyika pia Jumapili kwa wanaoshika Sabato; wa kwetu aliombewa barua na rabi, nasi tuliishughulikia mapema kwa sababu vituo vya Jumapili ni vichache. Kila chuo kina kikokotoo cha karo kwenye tovuti yake, kwa sababu sheria inakitaka. Weka mapato yenu kabla mtoto hajakipenda chuo, si baada. Jaza FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa karo, hata kama unadhani hamtapata kitu. Na usimruhusu kutuma maombi ya mapema yale ya kufunga, yanayomlazimu kwenda akikubaliwa, kama hajawahi kulala hapo hata usiku mmoja. Na orodha ya ADL isome, mimi sikuzuii, ila usiibandike kwenye friji. Mwache mtoto awaulize wanaoishi huko. Wao ndio wanaojua wiki ikoje.

Oktoba mwaka huo tulikwenda Amherst, kwenye chuo kikuu cha jimbo letu, ambacho daftarini kwangu kilikuwa nambari 17. Ilikuwa Ijumaa ndani ya Sikukuu ya Vibanda. Safari hii nilibaki hotelini. Nilimsuka nywele, nikamfunga kidani, nikamtazama kutoka dirishani akivuka barabara peke yake. Niliwasha mishumaa, nikakaa. Mume wangu alinisomea gazeti ili nisichukue simu. Zilikuwa saa nne ndefu kuliko shifti yoyote niliyowahi kufanya.

Alirudi karibu saa tano usiku, mikono baridi, kwa sababu walikula nje kibandani. Alisema kuna mmoja aliyemuuliza kama ni Myahudi wa Ethiopia. Akamwambia hapana, ni wa Lowell, na mama yake ni wa Eldoret, wakaendelea na supu. Na yeye alikuwa ameuliza maswali yake, akanitajia: wiki ambayo hakuna wageni huja watu wangapi? Mwalimu alifanyaje mtihani ulipoangukia Yom Kippur, siku yetu ya kufunga na kutubu? Wasiokubaliana kuhusu Israeli wanakaa meza moja? Ukiugua usiku unampigia nani? Manne tu. Katika kumi na moja yangu hayakuwemo hata moja.

Jumapili kabla ya kuondoka alitupeleka Kituo cha Vitabu vya Kiyidi, kilicho huko huko Amherst, ambako vimekusanywa vitabu zaidi ya milioni moja vya lugha waliyoongea mababu wa mume wangu, vingi vikiwa vimeokolewa kwenye majalala na vyumba vya chini ya nyumba za wazee waliokufa. Alitembea mbele. Sisi tulifuata nyuma, hatua kumi.

Yuko mwaka wa kwanza huko sasa. Baba mkwe amenunua kofia yenye jina la chuo na huivaa hata dukani.

Ijumaa iliyopita alipiga simu saa nane mchana. Wenzake wanaoishi nje ya bweni walimpa zamu ya kupika chakula cha Sabato cha watu kumi na wawili, na ameamua ni pilau. Alikuwa ameshakaanga vitunguu. Nikamkumbusha asitie samli kwa kuwa kuna nyama, nasi hatuchanganyi nyama na vya maziwa, atie mafuta, na viungo avitwange mwenyewe badala ya vile vya paketi. Akauliza maji vikombe vingapi kwa mchele huo. Nikamwambia. Kisha akasema anakata simu, kuna mtu mlangoni.